Risiti ya kusomwa haiji, au imekuja na uongo: pa kuanzia kutafuta kosa

Malalamiko ya barua pepe hapa ofisini huja kwa misimu, kama vumbi la Agosti. Kuna msimu wa nywila zilizosahaulika, huo ni baada ya likizo. Kuna msimu wa masanduku kujaa, mwisho wa mwaka wa fedha. Halafu kuna huu wa risiti za kusomwa, unaoanza siku bosi mmoja anapogundua kwamba programu yake ina mahali pa kuomba ajulishwe barua ikifunguliwa. Kuanzia hapo simu ya kitengo cha TEHAMA haitulii. "Kaka, nimemtumia yule dada barua tangu Jumatatu, risiti haiji. Ananichunia?" Haipiti saa, dada mwenyewe anapiga: "Kaka, bosi anasema nimesoma barua yake, na mimi wallahi sijaigusa."

Mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Dodoma tatizo hili lina sababu ya ziada. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali inahamia huku, kazi nyingi zinafanyika kwa vipande: mkurugenzi yuko Mtumba, uhasibu umebaki mjini, kuna wenzetu bado Dar es Salaam, na wa wilayani wako Kondoa au Mpwapwa. Zamani mhudumu alibeba kitabu cha dispachi, akarudi na saini, mjadala ukaisha. Sasa mtu hana saini, anaona kisanduku cha kuomba risiti, anafikiri ndiyo ileile. Siyo ileile, na ukilielewa hilo nusu ya malalamiko utayamaliza kwa simu bila kunyanyuka kitini.

Ukiomba risiti, programu yako inaongeza mstari mmoja kwenye sehemu ya juu ya barua ambayo msomaji haioni. Mstari huo unaitwa Disposition-Notification-To, na mbele yake huandikwa anwani ya kurudishia taarifa. Basi, hakuna kingine kinachosafiri. Anayetakiwa kuushughulikia ni programu ya kusomea barua iliyoko upande wa pili, na hiyo ina hiari ya kujibu, ya kumuuliza mwenye sanduku, au ya kunyamaza. Utaratibu huu uliandikwa mwaka 1998, toleo linalotumika sasa ni RFC 8098 (moja ya hati za viwango vya intaneti) la mwaka 2017, na tangu mwanzo msomaji ameachiwa nafasi ya kukataa. Ikijibu, programu haijui kama mtu amesoma. Inajua tu kwamba barua iliyokuwa na alama ya "haijasomwa" sasa ina alama ya "imesomwa". Saini ya masijala angalau ilitiwa na mtu mwenye kalamu.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote

Mwombe mlalamikaji akuonyeshe, asikusimulie. Neno "risiti" wanalitumia kwa vitu viwili. Moja ni risiti ya kufikishwa, inayotoka kwenye seva na kusema barua imeingia kwenye sanduku la mtu. Nyingine ni ya kusomwa, inayotoka kwenye programu ya msomaji. Ya kwanza inaweza kuja na ya pili isije milele, na hakuna kilichoharibika.

Kuna na ya tatu inayowachanganya watu kuliko hizo mbili. Ukiomba risiti ya kufikishwa kutoka kwenye Exchange, yaani seva ya barua ya Microsoft, kwenda seva ya nje isiyotoa risiti hizo, unarudishiwa ujumbe wenye neno "Relayed". Maana yake ni kwamba barua imekabidhiwa, ila seva ya huko haikurudisha taarifa. Mhasibu mmoja aliisoma kama barua imekataliwa, akatuma hati ya malipo mara tatu kwa mzabuni yuleyule. Mzabuni hakulalamika.

Risiti haiji kabisa

Hapa ndipo pana kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Anza upande wa mtumaji. Hakikisha ombi liliondoka kweli, maana wengi huweka alama kwenye barua moja wakadhani wameweka kwa zote. Njia ya haraka: mwambie atume barua ya majaribio yenye ombi la risiti kwenye anwani yako, kisha ufungue chanzo cha barua, yaani maandishi yake yote pamoja na mistari iliyofichwa. Kwenye Gmail bonyeza nukta tatu juu ya barua uchague "Show original". Kwenye Thunderbird ni Ctrl na U. Tafuta Disposition-Notification-To. Usipouona, usiende kumsumbua mpokeaji. Tatizo liko kwa mtumaji.

Kwenye Outlook ya kompyuta, ombi la barua moja liko kwenye kichupo cha "Options" ndani ya dirisha la kuandikia, kisanduku cha "Request a Read Receipt". Kwenye Gmail ya ofisi liko chini ya nukta tatu za dirisha la kuandikia, na hapo ni lazima uwe kwenye kompyuta. Asiyeliona kabisa, muulize anatumia akaunti gani. Akaunti binafsi ya gmail.com haina huduma hiyo. Ipo kwenye akaunti za kazini na shuleni tu, tena pale msimamizi alipoiwasha. Nimeshamkuta mtu ana vichupo viwili vya Gmail kwenye kivinjari kimoja, cha kazini na chake mwenyewe, na barua zote za wiki nzima kazituma kwa kile chake. Risiti ilikuwa tatizo dogo kuliko yote aliyokuwa nayo siku hiyo.

Ombi likiwa limeondoka, sasa nenda upande wa pili. Sababu zinazojirudia ni hizi.

Mpokeaji aliulizwa akakataa. Dirisha dogo lilitokea likasema mtumaji anaomba taarifa ya kusomwa, naye akabonyeza "No" kama anavyofukuza nzi. Hakumbuki hata. Hiyo ni haki yake, na usimwite kumhoji kwa jambo ambalo mpangilio wenyewe umempa.

Mpokeaji anasomea kwenye simu. Programu nyingi za simu hazijibu maombi haya, haziulizi, wala hazionyeshi kwamba ombi lipo. Mtu kasoma barua yako kwenye daladala ya Ihumwa, kaielewa, kaanza kuifanyia kazi, na kwako kuko kimya. Kwa ofisi yetu hii ndiyo sababu ya kwanza, kwa mbali, maana wengi hugusa kompyuta wakifika tu.

Barua ilitumwa kwa anwani ya kundi. Ukituma kwa anwani ya "wafanyakazi wote" kwenye Gmail ya ofisi, usitegemee risiti. Haitolewi kwa barua za kundi wala kwa anwani za ziada zinazoelekeza kwa mtu. Anayetaka risiti awaandike watu kwa anwani zao.

Mpangilio wa msimamizi umezuia. Kwenye Google, nenda kwenye ukurasa wa msimamizi: "Apps", "Google Workspace", "Gmail", "User settings", kisha "Email read receipts". Una nafasi tatu: kutoruhusu kabisa, kuruhusu ndani ya shirika pamoja na anwani za nje utakazoziorodhesha, au kuruhusu kwa anwani yoyote. Chini yake kuna kisanduku cha kuamua kama mtumiaji aulizwe kila mara. Tatizo la kawaida: mtu wa Dodoma anaomba risiti kutoka kwa mwenzake wa shirika jingine, na shirika hilo limeruhusu za ndani pekee. Hakuna la kurekebisha kwako.

Kwenye Outlook ya kompyuta, mpangilio wa mpokeaji uko "File", "Options", "Mail", kisha sehemu ya "Tracking", penye nafasi za kutuma daima, kutotuma kamwe, au kuulizwa kila mara. Thunderbird inayo pia, chini ya "Return Receipts" ndani ya mipangilio ya jumla, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote: inakuruhusu kuamua tofauti kwa barua ambayo jina lako halimo kwenye walengwa, kwa mtumaji wa nje ya kikoa chako (ile sehemu ya anwani baada ya @), na kwa hali zilizobaki. Mengine yote ningeyajenga kwa mfano huo.

Sababu ya mwisho ni seva yenyewe kuuondoa ule mstari. Wasimamizi wa Exchange wanaweza kuweka kanuni inayofuta Disposition-Notification-To kwenye barua zinazoingia kutoka nje. Nimeiweka na mimi. Ni jambo la heri, nitalieleza mbele.

Risiti imekuja, mtu anaapa hajasoma

Mwamini kwanza. Mwambie afungue Outlook yake na utazame mikono yake kwa dakika mbili.

Dada mmoja wa manunuzi aliitwa ofisini kwa bosi na risiti ikawekwa mezani, imechapishwa. Nilipokaa nyuma yake niliona hivi: ana kidirisha cha kusomea upande wa kulia. Asubuhi anaweka kidole kwenye mshale wa chini wa kibodi na kuushikilia, akitafuta barua ya mzabuni mmoja. Barua zinapita moja baada ya nyingine, kila inayopita inapoteza wino mzito wa jina lake na kuwa nyembamba. Barua ya bosi ilikuwa ya nne. Aliipita kwa nusu sekunde. Outlook imepangwa tangu mwanzo kuichukulia barua kuwa imesomwa pale unapoiacha na kuhamia nyingine, na kwake risiti zilikuwa kwenye "tuma daima". Kwa hiyo risiti iliondoka.

Dawa yake iko kwenye "File", "Options", "Mail", kitufe cha "Reading Pane". Ondoa alama kwenye kile kinachosema barua ichukuliwe imesomwa uchaguzi ukibadilika. Akitaka, aweke ile nyingine ya kusubiri sekunde kadhaa kabla barua haijahesabiwa. Zimewekwa tano, mimi huwaongezea. Na nafasi ya risiti irudishwe kwenye "niulize". Kwa yule dada ilichukua dakika moja. Kumweleza bosi ilichukua robo saa, na chai.

Sababu nyingine ya hali hii ni katibu muhtasi. Wakuu wengi wamempa katibu ruhusa ya kuingia kwenye sanduku lao, na ni jambo la kawaida na la lazima. Akifungua barua yeye, risiti mara nyingi inatoka kwa jina la mkuu. Mtumaji aliyeko Singida anaona "Mkurugenzi amesoma saa tatu," anaanza kuhesabu siku, kumbe Mkurugenzi yuko kikaoni tangu asubuhi na barua imewekwa kwenye jalada linalomsubiri. Hii haina dawa ya kitufe. Kwa masanduku ya namna hiyo zima risiti kabisa. Ni bora kimya kuliko saini ya mtu mwingine.

Vivyo hivyo masanduku ya pamoja, kama lile la malalamiko ya wateja linalofunguliwa na watu sita. Wa kwanza kuigusa barua ndiye anayeibadilisha alama kwa wote, na risiti ni moja. Haikuambii ni nani, wala kama wengine watano wanajua barua ipo.

Mwisho, kuna watu wanaochagua barua zote na kuzipa alama ya "imesomwa" ili ile namba nyekundu iondoke kwenye simu. Hao siwalaumu.

"Imefutwa bila kusomwa"

Ujumbe huu ukifika kwa mtumaji, huleta vita. Ofisi moja niliyowahi kuwasaidia, mzee wetu mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu aliamua kusafisha sanduku lake. Barua elfu kadhaa, nyingi ni matangazo ya vikao vilivyopita ambayo hakuwahi kuyafungua kwa sababu vikao vyenyewe alihudhuria. Akachagua zote, akafuta, akaondoka kwenda kupata chakula cha mchana. Aliporudi, watu aliofanya nao kazi miaka na miaka walikuwa wanapokea taarifa kwamba barua zao za mwaka juzi zimefutwa bila kusomwa. Mmoja alimpigia: "Shikamoo mzee. Nimekukosea nini?"

Exchange hufanya hivyo: barua iliyoombewa risiti ikifutwa ikiwa na alama ya haijasomwa, mtumaji hujulishwa, hata muda mrefu ukiwa umepita. Sera ya kufuta barua za zamani kwa utaratibu wa mashine inaweza kuwa chanzo hichohicho bila mkono wa mtu kuhusika, kwa hiyo ikiwa mtumiaji anasema hakufuta, angalia sera hizo kabla hujamtilia shaka.

Anayetaka kusafisha sanduku afuate mpangilio huu: kwanza aweke nafasi ya risiti kwenye kutotuma kamwe, afunge Outlook na kuifungua tena, azipe barua za zamani alama ya imesomwa, ndipo afute. Akimaliza arudishe mpangilio wake. Mzee ilibidi aandike barua moja ya kuomba radhi kwa watu wote. Aliituma bila kuomba risiti.

Saa iliyoandikwa kwenye risiti haieleweki

Hili linaonekana dogo, na ndilo lililoleta onyo la maandishi mahali fulani ninapopajua. Bosi alikuwa na risiti inayosema barua imesomwa 5:12 asubuhi. Kwa hesabu yake kijana alikuwa macho saa kumi na moja alfajiri, akasoma, halafu hakujibu mpaka saa nne. Na chini ya saa hiyo imeandikwa "Monrovia, Reykjavik". "Huyu yuko Monrovia anafanya nini?"

Hakuwa Monrovia. Seva za mtandaoni mara nyingi huandika saa ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, na Microsoft huipa saa hiyo majina ya miji inayoitumia, ikiwemo Monrovia ya Liberia na Reykjavik ya Iceland. Sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo 5:12 ni 8:12 ya kwetu, yaani saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi: kijana kafika kazini, kawasha kompyuta, kasoma. Ongeza tatu upate saa ya kompyuta, kisha hesabu Kiswahili kama unavyohesabu siku zote. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu wanafanya hesabu moja na kusahau nyingine.

Ikiwa saa imekosewa kwa kiasi kisichokuwa cha saa tatu kamili, angalia kompyuta ya mpokeaji. Sahihi ni ile iliyoandikwa "(UTC+03:00) Nairobi". Dodoma haimo kwenye orodha, msiitafute. Kompyuta nyingi zilizoletwa kama msaada hukaa na saa za nchi zilikotoka mpaka mtu alalamike.

Kidirisha kinauliza kila barua

Mtumaji mmoja amewasha ombi la risiti kwa barua zake zote. Mjue kwa kutazama barua zinazouliza zinatoka kwa nani. Kwa kawaida ni mtu mmoja au wawili. Nenda kwake, si kwa wanaoulizwa, fungua sehemu ileile ya "Tracking" na uondoe alama. Anachokiona yeye ni utulivu. Wanachokiona wenzake arobaini ni dirisha kila baada ya dakika kumi.

Kuna hali nyingine ya ajabu kidogo: mtumiaji amechagua "tuma daima" na bado anaulizwa kwa barua fulani. Mara nyingi hizo ni barua zinazotumwa na mfumo, tuseme wa likizo au wa rasilimali watu, ambapo anwani ya kurudishia risiti ni ya mtu na anwani ya mtumaji halisi ni ya mfumo. Utaratibu wa RFC unaelekeza kwamba anwani hizo zisipolingana, msomaji aulizwe kwanza. Ni kinga, iache.

Sanduku limejaa risiti

Umetuma mwaliko wa kikao kwa watu mia mbili na kuomba risiti. Ulitegemea nini? Tengeneza kanuni inayozihamishia kwenye folda yake. Outlook pia huhesabu yenyewe: fungua barua uliyotuma, na baada ya risiti ya kwanza kurudi utaona kitufe cha "Tracking" chenye orodha ya majina. Baada ya hapo risiti zenyewe unaweza kuzifuta.

Msimamizi amebadilisha, hakuna kilichobadilika

Kwenye Google subiri, mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 24 kuenea. Nimeona watu wakibadilisha mara nne ndani ya asubuhi moja, mwishowe hawajui lililoshika ni lipi. Angalia pia umebadilisha kwa kitengo kipi. Mpangilio hufuata mgawanyo wa vitengo, na mfanyakazi aliyehamishwa idara bado anaweza kuwa kwenye kitengo cha zamani.

Kwenye Exchange kosa ni jingine. Amri ya Set-MailboxMessageConfiguration yenye ReadReceiptResponse, unayoipa NeverSend, AlwaysSend au DoNotAutomaticallySend, inapanga Outlook ya kwenye kivinjari. Outlook iliyosakinishwa kwenye kompyuta ina mpangilio wake, na huo unausukuma kwa sera ya kundi (Group Policy, inayopanga kompyuta nyingi kwa pamoja) au unapita meza kwa meza. Mtumiaji anayehama kati ya kompyuta mbili anaweza kuwa na tabia mbili. Usipolijua hili utazeeka.

Tupange vipi kwa wafanyakazi wote?

Hili huulizwa na utawala, na karibu kila mara wazo lao la kwanza ni "tuma daima, kwa wote, kwa kila barua". Nawakatalia kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni usalama. Sanduku linalojibu kila ombi linamjibu na tapeli. Anayetuma barua za ulaghai kwa anwani elfu kumi anataka kujua zipi zina mtu ndani, na risiti yako inamwambia ipo, inafunguliwa, na inafunguliwa saa ngapi. Ndiyo maana niliweka kanuni ya kufuta lile ombi kwenye barua za nje. Ieleweke pia kwamba kuzima risiti hakumzuii mtumaji aliyeweka picha isiyoonekana ndani ya barua, inayomjulisha ikipakuliwa. Hiyo inazuiwa kwa kutopakua picha za nje bila kuulizwa, na ni mpangilio tofauti kabisa.

Ya pili ni watu. Saa ambayo mfanyakazi kafungua barua ni habari inayomhusu yeye, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika. Kama mnataka kukusanya habari hiyo, waambieni wafanyakazi kwa maandishi kwamba mnaikusanya na kwa ajili gani. Nimegundua kwamba wakuu wakitakiwa kuandika hiyo "kwa ajili gani", hamu inapungua sana.

Nilichopanga mwishowe: ndani ya ofisi mtumiaji anaulizwa, nje hakuna risiti, masanduku ya pamoja na ya wakuu yenye makatibu, yamezimwa. Kwa mambo yanayohitaji ushahidi kweli, kama waraka wa nidhamu au mabadiliko ya bajeti, barua inakwenda masijala na kitabu cha dispachi, au mpokeaji anaandikiwa mwishoni: "Tafadhali nijibu kwa neno moja kabla ya Alhamisi saa tisa alasiri kwamba umepokea." Jibu hilo lina uzito kuliko risiti mia.

Risiti inatoka kwa mtu aliyekwishaondoka

Imetokea mara moja tu, lakini naiweka kwa sababu hutaipata kwa kutazama mipangilio. Mfanyakazi alihamishiwa Manyoni. Wiki ya tatu, mtu wa uhasibu akaniita: kila barua anayomtumia kwa anwani ya zamani inarudisha risiti, kila siku ya kazi, kati ya saa mbili na saa mbili na robo asubuhi. Nilimpigia mwenyewe huko aliko. Hajafungua anwani ile tangu aondoke.

Kompyuta yake alikuwa amepewa kijana wa mafunzo kwa vitendo. Alipaswa kuingia na akaunti yake mwenyewe ya Windows, lakini mtu aliyemwandalia mashine alimpa ileile ya mwenzetu aliyehama, na nywila kwenye kijikaratasi. Outlook ilikuwa ikijifungua yenyewe kila asubuhi na sanduku la mwenzetu ndani yake, "tuma daima" ikiwa imewashwa, na kijana anaishusha barua moja baada ya nyingine akitafuta zake, akishangaa mbona haletewi kitu. Nilibadilisha nywila, nikaitoa akaunti ile kila mahali ilipokuwa bado imefunguliwa, nikafuta wasifu wa Outlook, nikamfungulia kijana akaunti yake. Kesho yake risiti hazikuja, na yule wa uhasibu akapiga simu saa mbili na nusu kuuliza mbona hazijaja.